Mwalimu wa Mahoo na Jina la Babake

Makwasinyi,
2 Septemba 1979

Kwa ndugu yangu Fanuel,

Pokea salamu za wote wa huku. Mama anakula vizuri, ni magoti tu yanayomsumbua asubuhi. Mvua hatujaiona. Ndovu walipita kwenye mihogo yangu wakala walichotaka na kukanyaga kilichobaki, kwa hiyo usishangae ukisikia nimekonda. Lois wangu amepata kazi ya duka la nguo pale Voi na ameanza kutembea kama mtu wa mjini. Mwambie wifi Dinah kwamba ndizi zilifika zimeiva mno, lakini tulizila hivyohivyo na tukamshukuru.

Sasa nikupe habari ya sensa, maana najua huko Mahoo wewe ndiye ulikuwa msimamizi.

Hapa kwetu alikuja Margaret, yule mwalimu wa darasa la pili. Nilikuwa nimeenda kuteka maji. Niliporudi nilimkuta ameketi kwenye kigoda, jasho linamtoka, na karatasi imejaa. Alikuwa amemuuliza mama ni nani waliolala katika mji wetu huu usiku wa kuamkia Jumamosi, na mama akaanza kumtajia. Alianza na Mwandawiro, kaka yake. Akamtaja nyanya. Akawataja wale ndugu zetu wawili wadogo ambao mimi na wewe hatukuwajua. Akamtaja baba. Margaret anaandika tu, hajui kwamba anaandika makaburi.

Nikamwambia, "Mama, hawa wamekufa. Serikali inataka walio hai."

Unamjua mama. Aliniangalia kama vile mimi ndiye nimetumwa na serikali. Akamwambia Margaret, "Mwanangu, wakati Mzungu alitutoa hapa mlimani Kasigau kwa ajili ya vita vyake na Mjerumani, alitupanga mstari akatuhesabu kama mbuzi. Akatupeleka Malindi. Kule watu wakafa kwa homa, wakafa kwa njaa, na hakuna mtu alikuja na kalamu. Tuliporudi hakuna aliyeuliza, mbona mmekuwa wachache? Leo wewe umekuja na kalamu. Andika."

Ilibidi nimbembeleze mama mpaka akakubali karatasi nyingine iandikwe, ya sisi tulio hai. Alipoulizwa kabila akasema yeye ni Mtaita wa Kasigau. Halafu akaninyooshea kidole: "Huyu ni Mkamba. Watoto ni wa babao, na babake ni Kitheka. Ana kaka yake Mahoo, naye ni Mkamba vilevile." Margaret akasema wewe utahesabiwa huko uliko. Mama akauliza, "Watamwandika vizuri?" Nikamwambia asiwe na wasiwasi, msimamizi ni wewe mwenyewe.

Tangu siku hiyo ananiuliza kama umeandikwa. Nijibu nimwambie.

Ni mimi dada yako,
Elsie Wakesho

---

Mahoo, Taveta,
19 Septemba 1979

Kwa dada yangu mpendwa Elsie,

Barua yako imenifikia salama, nami namshukuru Mungu kwa afya ya mama. Huku mifereji ina maji na ndizi zinazaa. Shule imefunguliwa vizuri. Dinah anawasalimu, na amemfungia mama kitenge ambacho nitakituma kwa gari la moshi nikipata mtu anayekuja Voi.

Kuhusu sensa, ningependa uelewe jambo hili ili umweleze mama kwa utaratibu. Zamani Wazungu hawakuhesabu watu weusi, walihesabu nyumba ili watoze kodi. Hesabu ya kweli ya Waafrika ilianza mwaka wa arobaini na nane. Ikafuata ya sitini na mbili, ikafuata ya sitini na tisa tukiwa tumepata uhuru wetu, na sasa hii. Lengo lake ni mashule, zahanati na barabara. Si mahali pa kueleza hadithi za ukoo. Karani akipoteza nusu siku katika mji mmoja, kazi ya taifa inachelewa.

Sikutaka kulisema hili, lakini tulipokutana Voi kurudisha vifaa, Phineas, ambaye ndiye msimamizi wa upande wenu, alisimama mbele ya wenzetu wote akanisimulia habari za mama huku akicheka. "Mwalimu, kumbe nyinyi ni Wakamba!" Watu walicheka. Wengine wao wanatoka huku Taveta na wananifahamu. Dada, nina jina langu hapa. Mimi ni mzee wa kanisa.

Mama ni mzee na kumbukumbu inamchanganya. Nimezungumza na Phineas na atayanyoosha mambo bila usumbufu. Naomba Margaret akirudi msimzuie.

Wako katika Bwana,
Fanuel Mwandawiro

---

Makwasinyi,
7 Oktoba 1979

Fanuel,

Mama hajambo. Kitenge hakijafika. Salamu zimekwisha.

Margaret alirudi. Alikuja na penseli na kifutio. Kifutio, Fanuel! Alisimama pale mlangoni hata kukaa hataki, akasema ametumwa kurekebisha kosa. Nikamuuliza kosa gani. Akasema, "Mama Lois, mimi nimeambiwa tu, pale kwa kabila lako niweke Mtaita." Nikamuuliza ni nani kamwambia kwamba mimi sijui kabila langu, mimi mwenye miaka zaidi ya hamsini. Akainamisha kichwa. Ni mtoto mzuri yule, na ninyi wanaume wawili wenye suruali zilizopigwa pasi mmemfanya aje kuniomba ruhusa ya kumfuta babangu.

Nilimnywesha uji, nikamrudisha na kifutio chake. Mwambie Phineas akitaka kufuta aje mwenyewe, nitamngoja nikiwa na jembe.

Halafu unasema kumbukumbu ya mama inamchanganya. Mama! Anayekumbuka ni mbuzi gani walichinjwa siku ya arusi yake! Wewe ndiye uliyechanganyikiwa. Nitakukumbusha mimi, kwa sababu tuliporudi kutoka Malindi ulikuwa mdogo na mimi nilikuwa na akili zangu. Baba alikuja pwani kama mpagazi wa vita, Mkamba asiye na mtu, akawakuta watu wetu wametupwa pale kwenye joto wanazikana. Hakuwa mfungwa yeye. Angeweza kwenda kwao. Alimwoa mama akakaa, na serikali iliporuhusu watu warudi mlimani baada ya miaka ishirini, alirudi nasi kwenye mlima ambao hakuwahi kuuona. Wewe ulikuja hapa juu ya mabega yake. Maji yalipopungua njiani alikataa kunywa akasema yeye amezoea. Nilimwona midomo ilivyopasuka. Mizinga yote ya nyuki unayoiona hapa Makwasinyi, watu walijifunza kwa baba kuitundika. Hakuna mtu hapa anayemwita mgeni. Hakuna hata mmoja.

Na hilo jina Mwandawiro, usijifiche nyuma yake. Mama alikupa jina la kaka yake ili mjomba akumbukwe. Ulipoenda shule Bura wakaliandika kana kwamba ni jina la babako, na wewe ukanyamaza kwa sababu lilikufaa. Jina ulipewa umkumbuke mjomba, si umfukie baba.

Jana mtu wa ndizi kutoka Taveta alimwambia Lois kwamba picha zako zimebandikwa kwenye kuta za soko, unataka udiwani. Kumbe! Barua nzima ya mashule na zahanati, na hilo hukulitaja.

Mama bado anauliza uliandikwa nani. Ninamwambia posta inachelewa. Nimechoka kuisingizia posta.

Elsie

---

Mahoo,
3 Desemba 1979

Dada Elsie,

Natumaini mama anaendelea vizuri. Sisi hatujambo, ingawa Dinah alikuwa na malaria kwa muda. Nisamehe kwa kimya. Kulikuwa na shughuli nyingi.

Utakuwa umesikia kuhusu kura. Sikupita. Sitaki kulizungumza sana, ila nitakwambia jambo moja kwa sababu linanikereketa na sina mtu mwingine wa kumwambia. Sikushindwa kwa sababu ya zile habari za Voi. Hakuna aliyezitaja. Walisimama sokoni wakasema mimi ni mtu wa Kasigau, nilikuja Taveta na sanduku la bati, na mtu akitaka uongozi aende autafute kwao. Nimefundisha watoto wao kusoma tangu kabla ya uhuru! Nimezika wazazi wao! Wale niliowasimamia ubatizo ndio walionipigia kelele "rudi kwenu". Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuiona maishani mwangu.

Basi nimefikiri. Nimesikia upimaji wa mashamba umefika huko na kamati itakaa mwanzoni mwa mwaka. Nataka kuandikwa kwenye shamba la babu, pamoja na wewe. Nataka cheti chenye jina langu kinachosema kwetu ni Kasigau, ili nikiambiwa tena nirudi kwetu niwe na kwetu. Nimejaza maelezo yangu yafanane na kitambulisho, kwa sababu maafisa wa ardhi hawapendi majina yanayotofautiana. Nitayatuma.

Tafadhali usimsomee mama mambo ya kura.

Wako,
Fanuel

---

Makwasinyi,
13 Januari 1980

Ndugu yangu,

Heri ya mwaka mpya. Mvua ilinyesha Krismasi nzima na mahindi yamesimama vizuri. Mama amepata kitenge chake, amekivaa kanisani mara mbili na kila anayekisifu anaambiwa kinatoka Mahoo.

Barua yako niliisoma nikiwa peke yangu, na nililia. Nakwambia kweli, hasira zangu zilipungua. Kukuimbia urudi kwenu, wewe uliyewafundisha kusoma! Ningekuwa hapo sokoni ningewatukana mpaka sauti ikauke. Wana haki gani? Kila mtu katika Taveta hiyo ana babu aliyetoka mahali.

Lakini sasa wewe nisikilize. Ulivyojisikia siku hiyo, ndivyo baba angejisikia akisoma kitambulisho chako. Yeye watu wa Makwasinyi hawakumwambia arudi kwao. Ni mtoto wake aliyemwambia.

Kuandikwa kwenye shamba si shida. Shamba ni la babu, mjomba alikufa bila mtoto, limebaki kwa mama na mama anasema ni letu sote wawili. Mwenyekiti wa kamati ni Obadiah, naye alifundishwa kuvuna asali na baba. Nilimuuliza kama baba kuwa Mkamba kutaleta neno. Alicheka akasema, "Kitheka? Huyo alirudi nasi kwa miguu. Nani atafungua mdomo?" Kwa hiyo huna cha kuogopa. Njoo tu wewe mwenyewe, usimame mbele ya watu, useme jina lako na jina la babako. Basi.

Usitume karatasi, Fanuel. Nakuomba. Kamati ina watu wa hapa, lakini afisa anatoka wilayani Wundanyi, yeye hatujui sisi, atasoma kilichoandikwa kama kilivyo. Na mama atakuwepo. Anasema atakuja hata kama ni kubebwa, kwa sababu anataka kukuona ukisema. Hajanena kwamba amekasirika. Anasema tu, "Mwache, atalitaja mwenyewe."

Kikao ni wiki ya mwisho ya Februari. Nitakupikia.

Dada yako,
Elsie

---

Mahoo,
11 Februari 1980

Dada Elsie,

Salamu kwa wote. Nimepokea barua yako na nimeielewa.

Kwa bahati mbaya wiki hiyo tuna mkaguzi wa shule, nami kama mwalimu mkuu siwezi kuondoka. Nimempa Phineas maelezo yangu ayafikishe kwa kamati. Nimeona ni vizuri mambo yabaki yalivyo katika vyeti vyangu vyote, maana nikibadilisha kimoja itabidi nibadilishe kila kitu: cha ualimu, cha ndoa, mpaka vya watoto. Nadhani mama ataelewa. Ni majina ya kwenye karatasi tu. Moyoni mambo ni mengine.

Baada ya ukaguzi nitakuja kuwaona.

Fanuel

---

Makwasinyi,
9 Machi 1980

Fanuel,

Ninakuandikia nikiwa nimetulia. Niliacha siku zipite kwanza, kwa sababu barua niliyoiandika siku ile ya kikao niliitia motoni.

Mama hajambo. Watu wote hawajambo. Mkaguzi wako natumaini naye hajambo.

Kikao kilifanyika kwenye uwanja wa shule. Tulimpeleka mama kwa mkokoteni wa punda, amevaa kitenge cha Dinah. Hakutaka kukaa kivulini na wanawake wengine. Alitaka kiti kiwekwe mbele, karibu na meza, ili akuone vizuri ukiingia. Nilimwambia tangu asubuhi kwamba huji. Akasema, "Gari la Taveta huchelewa."

Ikafika zamu yetu. Afisa wa Wundanyi ni kijana mpole tu, mwenye miwani, wala simlaumu. Aliuliza shamba ni la nani, Obadiah akaeleza, wapimaji wakaonyesha mipaka, hakuna aliyepinga. Nikaitwa mimi. Nikasema, "Elsie Wakesho, binti ya Kitheka." Afisa akaandika, akauliza Kitheka ni wa ukoo gani wa hapa, na kabla sijajibu wazee wakajibu wote pamoja, "Ni mwenzetu! Andika!" Fanuel, ningetamani ungesikia sauti zile. Mimi nilisikia kama baba amefufuka akapewa kiti.

Halafu afisa akachukua karatasi yako kutoka kwa Phineas. Akasoma kwa sauti, kwa sababu ndiyo kazi yake. "Fanuel, mtoto wa Mwandawiro. Mama yake ni huyu mzee." Akamgeukia mama kwa heshima kabisa, akatabasamu, akasema, "Kwa hiyo nyanya, wewe ni mke wa marehemu Mwandawiro."

Wewe uliposema ni majina ya kwenye karatasi tu, ulifikiri karatasi haisomwi? Umemweka mama mbele ya watu wa kanisa lake, wa mlima wake, ukamwoza kwa kaka yake! Kuna wanawake walifunika nyuso. Phineas alitazama viatu vyake. Mimi nilitaka kuipasua meza ile kwa mikono.

Mama hakupaza sauti. Alisema, "Mwandawiro ni kaka yangu. Tumetoka tumbo moja. Nilimzika Malindi kwa mikono hii, mimi nikiwa msichana, hajaoa, hajazaa."

Yule kijana akavua miwani. Akaomba msamaha mara nyingi, maskini, kosa si lake. Obadiah akataka kuingilia, akaanza kusema, "Afisa, hapa pana makosa madogo, huyu Fanuel sisi tunamjua, babake ni..." Mama akainua mkono. Akamnyamazisha mwenyekiti wa kamati, mbele ya watu wote. "Obadiah, usimsemee. Ana mdomo."

Afisa akauliza polepole, "Sasa nyanya, nikusaidie vipi? Huyu Fanuel ni mtoto wako?"

Mama akasema, "Wa kwangu mimi ni wa kwangu. Nilimzaa."

"Na baba yake ni nani? Niandike nini?"

Akasema, "Hilo muulizeni yeye. Mimi namjua mtu niliyelala naye. Lakini babake yeye ni nani, tangu aende shule nangoja aniambie."

Afisa akaiacha nafasi yako wazi. Aliandika la mama, akaandika langu, akasema malalamiko yanapokelewa kwa siku sitini kutoka siku ile, na kwamba mhusika aje mwenyewe, si kwa karatasi ya kutumwa. Tukaondoka. Njiani mama alivua kile kitenge akakikunja vizuri, akanipa. Anasema kina joto.

Sikuandikii ili kukuomba msamaha wala kukuombea. Nimekuombea vya kutosha. Haki yako ya shamba ipo, hakuna aliyeichukua, na Obadiah anasema meza itakungoja mpaka mwisho. Utaulizwa swali moja tu na unalijua.

Mimi nitamleta mama siku utakayokuja, ukinijulisha. Usiponijulisha pia nitamleta, kwa sababu kila asubuhi anaoga mapema na kuuliza kama gari la Taveta limefika.

Elsie, binti ya Kitheka